Jiwe Langu Kwenye Foleni ya Bafta

Jumamosi, mwisho wa mwezi wa tatu. Mawingu tangu asubuhi, mvua inatishia tu na haianguki, joto la kunata.

Nimekaa juu ya godoro tupu, nimevaa viatu vipya, raizoni. Soli nene kama tofali, juu ngozi ya kahawia, mkanda wenye kishikizo cha kung'aa. Wasichana wawili wa chumba cha pili wamechungulia mlangoni wakapiga yowe, "Wee! Umezipata wapi?" Nimewajibu ovyo, wameondoka wamenuna. Kesho bweni zima litajua kwamba Zuhura ana maringo. Na wajue. Afadhali waseme maringo kuliko wajue lililopo.

Ngoja niandike yote, hata yale yanayonitia aibu. Hili daftari halina mdomo.

Wiki iliyopita nilipata barua ya mama kutoka kijijini, Newala. Mama amejifunza kusoma na kuandika ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, kwa hiyo anaandika herufi kubwa kubwa zinazopanda na kushuka. Kusoma nako anasoma hivyohivyo, kidole kwenye neno, silabi moja moja, kwa sauti, mpaka jirani wasikie. Barua ilikuwa fupi. Bibi haamki tena kitandani. Hataki dawa, hataki uji. Anataka kitu kimoja tu: bafta ya sanda, aione kwa macho yake kabla hajafa.

Mtu wa mjini anaweza kucheka. Lakini mwaka jana jirani yetu alizikwa kwenye magunia ya korosho yaliyofumuliwa na kushonwa upya, kwa sababu duka la kijiji lilikuwa na chumvi na viberiti, basi. Bibi alikuwepo wakati wanamvika. Tangu siku ile amekuwa akisema, "Mimi msinipeleke kwa Mola wangu na gunia, kama mzigo." Na ukienda kuomba bafta wilayani, unaambiwa sanda hutolewa kwa kibali, na kibali hutolewa kwa maiti. Bibi bado anapumua. Kwa hiyo hana haki.

Basi akasema, mwandikieni Zuhura. Zuhura yuko Dar, Zuhura yuko chuo kikuu, Zuhura hawezi kukosa.

Huyu bibi ndiye aliyenisomesha. Korosho zake ndizo zilizonunua sare yangu ya kwanza. Kisomo yeye alikikataa katakata, mwalimu alikuja mpaka nyumbani, bibi akamwambia, "Mimi nina mjukuu, ya nini kujisumbua?" Kila alipopata kanga mpya, hakuivaa mpaka niisome. Aliitandaza magotini, akapitisha kidole juu ya maandishi, akauliza, "Inasemaje?" Nikimsomea, anacheka au anakunja uso. Mara moja alirudisha kanga dukani kwa sababu maneno yake yangemuudhi jirani. Alikuwa akisema hawezi kutembea na maneno ya watu mgongoni bila kujua yanasema nini. Nilikuwa darasa la pili, na nilijiona mtu mkubwa sana.

Mjomba Saidi, mtoto wake wa pili, yuko hapa mjini tangu mwezi uliopita kutibiwa macho. Amefikia kwa jamaa Ilala. Haoni vizuri bado, anaona vivuli, hawezi kusimama foleni akasukumana na watu. Basi lake linaondoka kesho alfajiri. Wenye mabasi wanasema huenda likawa la mwisho, kwa sababu mvua zikikolea Rufiji haivukiki, na kusini kwetu kunafungwa mpaka Mungu apende. Kwa hiyo bafta ilikuwa lazima ipatikane leo. Leo, si Jumatatu.

Na ilipatikana! Hilo ndilo linaloniua. Ilikuwepo.

Jana mtu aliniambia duka moja la Kariakoo limeshusha bafta na litauza leo asubuhi saa tatu. Bumu letu, posho ya wanafunzi, lilikuwa limetoka Alhamisi, fedha ninazo. Nikamwomba Manka, tunayekaa naye chumba kimoja, anisindikize. Manka ni mtu wa Kilimanjaro, hodari wa masoko, anajua kila mlango wa uani uliopo Kariakoo na unafunguliwa saa ngapi. Tukapanda basi la kwanza. Kabla ya saa moja tulikuwa pale.

Foleni ilikuwa ndefu kiasi, ya mawe. Kopo la mafuta la kutu, nusu ya tofali, ndala moja, kigae, kibuyu kilichopasuka. Wenyewe wamekaa barazani wanapiga soga. Nikaokota jiwe langu karibu na mtaro, la bapa, lina mstari mweupe, nikaliweka nyuma ya kopo. Nilihesabu: nilikuwa wa kumi na nne. Mwenye kopo alikuwa mama mtu mzima, Bi Mwanahawa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza wa wapi. Nilipomweleza habari ya bibi akanishika mkono. "Basi mwanangu, usiende mbali. Mlango ukifunguliwa, mgambo anaita mara tatu kwa kila jiwe. Mwenyewe asipoitika, linapigwa teke. Jiwe halijui kuitika."

Nilimsikia. Siwezi kujitetea kwamba sikusikia.

Sasa hapa lazima niseme ukweli kuhusu sisi wanafunzi. Bumu likitoka tunaingiwa na wazimu. Mchana kwenye semina tunalaani tamaa ya vitu, tunaandika kurasa kumi juu ya bepari na ulimbikizaji, jioni tunakimbilia mjini kulimbikiza. Hatununui tunachokihitaji, tunanunua kilichopo. Ukikuta foleni, jipange, utauliza mbele. Mwezi uliopita nilisimama dakika arobaini kwenye jua, kufika mbele nikakuta wanauza nati za baiskeli. Nikanunua. Sina baiskeli. Chini ya kitanda changu zimo betri sita na redio sina. Manka ana dawa za meno za kumtosha mpaka aolewe na azae. Kila mmoja wetu ana hofu ileile: ukiiacha leo, hutaiona tena.

Saa mbili na nusu hivi Manka alirudi kutoka kwenye mizunguko yake, macho yanawaka. Akaninong'oneza: raizoni. Nyumba ya tatu kutoka pale, uani, zimeingia jana kwa njia wanazozijua wao, zimebaki pea chache.

"Dakika kumi tu," akasema. "Duka lenyewe saa tatu. Jiwe lako lipo, nani atalila?"

Nikamtazama Bi Mwanahawa. Alikuwa anasinzia. Nikamwambia narudi sasa hivi. Sijui kama alisikia.

Uani, Manka akiwa mbele yangu, nilikuta nusu ya bweni letu. Wallahi. Alikuwepo hata yule dada anayetuhutubia kila mwezi kuhusu kujitegemea, amekaa kwenye kinu kilichopinduliwa, anajaribu kiatu, jasho linamtoka. Tulipoonana kila mmoja akatazama pembeni.

Zilikuwa zimebaki pea mbili. Moja ilikuwa kubwa kama mtumbwi. Nyingine ilikuwa hii. Nikaingiza mguu, vidole vikalalamika, ilikuwa ndogo kwangu. Nilijua ni ndogo! Nikasimama, nikaona nimerefuka, nikajitazama kwenye kioo kilichovunjika kilichoegemezwa ukutani, na nikaona miguu ya mtu mwingine, mtu asiyetoka Newala, mtu asiyejua hata korosho inabanguliwaje. Muuzaji, kijana mwenye shati la mikono mifupi, akasema, "Dada, ukitoka nje ya mlango huo usirudi kuulizia." Nikatoa fedha.

Nilikuwa sijamaliza kufunga mkanda alipoingia mtu mbio: mgambo wanapita mtaani. Muuzaji akafunga mlango kwa komeo, akaweka kidole mdomoni. Tukakaa chini, wote, kumi na wawili au kumi na watatu, kimya, kama kuku waliomwona mwewe. Mtoto wa mwenye nyumba alikohoa, akazibwa mdomo.

Sikuwa na saa. Ila nilisikia vishindo na kelele za foleni mtaani zikianza. Nilijua kabisa ni kelele za nini. Nikamnong'oneza yule kijana, nifungulie, nina mgonjwa. Akanitolea macho. "Nikikufungulia wewe, tumekwisha sote." Na mimi nikakaa. Ningeweza kupiga kelele. Ningeweza kuruka ukuta, si mrefu. Nilikaa kwa sababu niliogopa kukamatwa na viatu, nikafukuzwa chuo. Ndiyo, niliipima roho ya bibi na nafasi yangu chuoni, nikakaa.

Walipofungua nilikimbia na raizoni zangu miguuni, malapa yangu nimeyasahau kulekule uani. Nilianguka mara moja. Watu walicheka.

Foleni ilikuwa imekwisha. Si kupungua, imekwisha. Mwenye duka alikuwa anateremsha mlango. Bi Mwanahawa alikuwa barazani ananingoja na furushi lake jeupe kifuani, na aliponiona hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

"Nilikuitikia mimi, mwanangu," akasema. "Mara ya kwanza nikasema yupo, yuko hapo nyuma. Mara ya pili nikasema kaenda kujisaidia. Mara ya tatu mgambo akasema, mama, wewe una mawe mangapi? Akalipiga teke."

Alinionyesha. Jiwe langu lilikuwa mtaroni, mstari mweupe juu.

Bafta iliisha kwa mtu wa ishirini. Mimi nilikuwa wa kumi na nne.

Bi Mwanahawa akatazama viatu vyangu, kisha akatazama pembeni haraka, kwa heshima yake. Akasema, "Ningekumegea, Mungu ni shahidi. Lakini yangu ni ya mume wangu, amelala hospitali miezi miwili sasa. Nasi tunangoja." Nikamwambia usijali mama. Nikatamani ardhi ipasuke.

Tukazunguka, mimi na Manka, duka kwa duka, kutoka Kariakoo mpaka Mnazi Mmoja, mpaka kwa wauza nguo wa mjini. Manka aliulizia kwenye milango yake yote ya uani. Sabuni ipo, sukari ipo, ukitaka hata wembe. Bafta hakuna. Mmoja akanicheka, "Bafta, dada? Mpaka ufe kwanza." Nilijaribu kubadilisha raizoni, nikazivua pale dukani nikaziweka juu ya meza. Wakazishika, wakazisifu, wakasema kama ningetaka vitenge wangenipa. Bafta hata wao walanguzi hawajaiona tangu mwaka jana.

Tukarudi chuoni. Manka alilia kwenye basi. Mimi sikulia, nilikuwa nahesabu saa. Mjomba alikuwa ananingoja saa kumi na moja.

Ni mimi niliyewaza mashuka. Nisimsingizie Manka.

Kila mwanafunzi hupewa shuka mbili nyeupe za pamba akiingia bwenini, na huzirudisha mwisho wa mwaka. Nzito, nzuri, safi kuliko bafta. Nikazivuta kutoka kitandani kwangu. Manka akanitazama, akaelewa, akavuta na moja ya kwake. "Zitatosha?" akauliza. "Kwenu mnahitaji kiasi gani?" Mwanamke kwetu huvikwa vipande vitano, zikipasuliwa vizuri zitatosha, ingawa bibi ni mrefu.

Tatizo ni mhuri. Kila shuka ina mhuri wa wino mweusi, maneno matatu, herufi kubwa za kiganja kizima: MALI YA CHUO. Hawakugonga pembeni ambapo mtu angekata. Wamegonga katikati kabisa, kwa ajili ya wezi kama mimi.

Tulifua. Sabuni tulikuwa nayo kipande cha kidole, kikaisha kwenye shuka ya kwanza. Tukachuma majani ya mpapai nyuma ya jiko, tukaponda, tukasugua mpaka povu likawa la kijani. Tukaweka limau na chumvi. Vidole vyangu vimechubuka mpaka sasa kalamu inauma. Wino ulififia kidogo, ukawa kijivu, ukagoma hapo. Neno linasomeka. Ukiwa mbali hulioni. Ukiwa karibu unaliona lote, na mara tatu.

Na jua hakuna. Nilizipiga pasi zikiwa mbichi, nikazikunja mhuri ukiwa ndani, nikafunga kwa kanga yangu.

Ilala, Mjomba alikuwa amekaa barazani amevaa kofia yake, tayari kwa safari ya kesho. Aliniita kabla sijafika. "Zuhura? Mbona leo unatembea kama farasi?" Alisikia soli. Nikamwamkia, nikapiga magoti, nikampa furushi mikononi.

Akalishika kwa muda mrefu. Akalisogeza puani. Akapitisha vidole kwenye pindo.

"Nzito," akasema. "Bafta ya siku hizi nzito hivi?"

"Ndiyo, Mjomba."

"Na mbichi kidogo."

"Nimeifua. Ilikuwa na vumbi la ghala."

Akatikisa kichwa taratibu. Anambebea mama yake mzazi sanda mapajani, kwa siku mbili za barabara mbovu, na hakuuliza zaidi. Akasema, "Bibi yako kaniletea salamu, wewe Saidi tibiwa macho yako, usihangaike na maduka. Zuhura atanunua. Zuhura hawezi kunisahau." Kisha akaniwekea mkono kichwani akaniombea dua. Ndefu. Niliitikia amina kila mahali pa kuitikia.

Sikumwambia. Mdomo ulifunguka mara mbili. Mara ya kwanza aliingia mtu, mara ya pili hakuingia mtu yeyote.

Sasa nimerudi. Manka amelala amegeukia ukutani, kwenye shuka moja iliyobaki. Nimejaribu kuzivua hizi raizoni, miguu imevimba, hazitoki.

Naweza kuwahi kituoni alfajiri. Naweza kumwambia Mjomba, nirudishie, si bafta, nimeiba, nimedanganya, nilikuwa najaribu viatu. Halafu aondoke na nini? Aende na mikono mitupu, au na nati za baiskeli? Kila nikipanga maneno yananifikisha hapohapo: bila shuka hizi, gunia.

Najidanganya kwamba hawatakunjua. Kwamba bibi atagusa tu, atafurahi, wataweka chini ya kitanda mpaka siku yake.

Lakini mimi namjua bibi. Amengoja sana kuiona. Atataka itandazwe kitandani. Macho yake hayana shida, ni miguu tu iliyochoka. Atapitisha kidole juu ya nguo kama alivyopitisha kwenye kila kanga aliyowahi kuvaa, na kidole kitafika katikati, kitasimama. Atauliza inasemaje. Mimi niliyesomeshwa ili nimjibu sitakuwepo.

Atakuwepo mama. Atasogeza shuka kwenye mwanga wa dirisha, ataweka kidole, atasoma kama anavyosoma siku zote, polepole, kwa sauti, mpaka jirani wasikie.

Ma. Li. Ya. Chu. O.